Dume la mbegu: ada ianzie wapi, na wajibu wa kila mmoja uishie wapi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Mafinga. Nina dume la German Shepherd, ana miezi 16. Nilimnunua Nairobi akiwa mdogo, na ana karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo. Sasa watu wameanza kumfuata. Bwana mmoja wa Iringa mjini ana jike mwenye karatasi ambaye yuko kwenye joto hivi sasa. Anasema desturi ni mimi kupewa mtoto mmoja tu, tena atanichagulia yeye. Mwingine wa Makambako ana jike asiye na karatasi, ameahidi laki moja na nusu taslimu na anataka kumleta wiki hii. Rafiki yangu ananiambia nidai watoto wawili. Watoto wa aina hii huku kwetu wanauzwa kama laki nne. Jirani yangu alipandisha dume lake kwa maneno matupu, jike hakushika mimba, na mpaka leo hawasalimiani na mwenye jike. Nitoze kiasi gani? Mimi nawajibika kwa lipi na mwenye jike kwa lipi? Jike akikosa mimba inakuwaje? Na watoto wakifa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla mbwa hawajakutana. Barua za namna hii nyingi hunifikia watu wakiwa wameshafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Msimamo wangu ni huu, na yote nitakayokueleza yanatoka hapo: anayekulipa ada ya dume ananunua dhamana yako. Analipia neno lako kwamba mbwa ni mzima, kwamba ukoo wake ndio huo ulioandikwa, na kwamba jike asiposhika utampokea tena bila kinyongo. Kadiri unavyoweza kusimama nyuma ya maneno hayo, ndivyo unavyostahili kulipwa. Kwa hiyo bei ya jirani iache kwanza. Mwangalie mbwa wako, ujiulize unaweza kumdhamini kwa lipi.

Na hapo sitakufurahisha. Kwa miezi 16, dume lako bado. Kutia mimba anaweza. Mbwa dume huweza hata kabla hajatimiza mwaka. Tatizo ni kwamba German Shepherd ni miongoni mwa aina zinazosumbuliwa na ugonjwa wa kurithi wa nyonga, ule ambao kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake. Mbwa mwenye ugonjwa huo huanza kunyanyuka kwa shida asubuhi, baadaye anachechemea, na akizeeka anateseka. Kwa mbwa kijana anayeruka uzio wa mabanzi huwezi kuuona kwa macho. Unaonekana kwenye picha ya eksirei, iliyopigwa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa na miguu ya nyuma imenyooshwa. OFA, taasisi ya Marekani inayotathmini nyonga za mbwa, haitoi cheti cha kudumu mpaka mbwa afikishe miezi 24, kwa kuwa kabla ya hapo kiungo bado kinabadilika. Subiri hiyo miezi minane. Pa kuanzia kuulizia picha hiyo ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Uliyefika Nairobi kumfuata mbwa, Morogoro si mbali kwako.

Wakati unasubiri, mshike korodani uhakikishe zote mbili zimeshuka. Dume mwenye korodani moja iliyobaki tumboni hapandishwi hata kama moja iliyoshuka inafanya kazi, kwa sababu kasoro hiyo hurithishwa.

Halafu kuna magonjwa, na hapa naomba usinipite haraka. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa huku nyanda za juu, kuanzia Rungwe mpaka Njombe, wanaujua ugonjwa wa kutupa mimba. Mbwa nao wana wa kwao, unaoletwa na bakteria aitwaye Brucella canis. Jike hutupa mimba ikiwa imeshakomaa, mara nyingi kati ya siku ya 45 na ya 55. Dume huweza kuvimba korodani, au asionyeshe dalili yoyote huku mbegu zake zikiharibika kimyakimya. Unaenea kwa kupandana na kwa majimaji ya uzazi, na binadamu anaweza kuupata pia, kwa hiyo mimba iliyotoka haishikwi kwa mikono mitupu. Wengi wanateleza kwenye kipimo. Kipimo cha Rose Bengal, kile kinachotumika kwa ng'ombe, hakimwoni Brucella wa mbwa, kwa kuwa ganda la nje la bakteria huyu ni tofauti na lile kipimo hicho kilichotengenezwa kulitambua. Mtu akikuletea majibu ya Rose Bengal akasema jike wake ni safi, hajakuletea kitu. Mwambie daktari wako wa mifugo aagize kipimo cha Brucella canis chenyewe, kwa dume na kwa jike, na majibu yawe ya karibuni. Antibaiotiki hupunguza dalili lakini mara nyingi haziung'oi ugonjwa huu. Mbwa aliyeupata anaondolewa kwenye uzazi kabisa.

Ugonjwa wa pili unaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Ni uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine. Unafanana na koliflawa ndogo nyekundu, laini, inayovuja damu ukiigusa. Mbwa wanaozurura mitaani ndio wanaousambaza. Wenye majike huichanganya damu yake na damu ya joto, na hapo ndipo dume safi anapoponzwa. Jike anayevuja damu miezi miwili mfululizo hayuko kwenye joto, anaumwa. Uvimbe huu unatibika vizuri kwa sindano za vincristine za kila wiki chini ya daktari, lakini mpaka atakapopona hapandi wala hapandwi.

Kichaa cha mbwa sihitaji kukueleza. Kadi ya chanjo iliyo hai, pande zote mbili, la sivyo geti halifunguliwi.

Jambo moja zaidi kuhusu dume, maana wengi hawalijui: mbegu za mbwa huchukua takriban siku 62 kutengenezwa. Maana yake ni kwamba homa kali aliyoipata leo, tuseme ya ugonjwa wa kupe, inaweza kuharibu mbegu za mwezi ujao na wa pili yake ingawa mbwa mwenyewe anakula na kubweka kama kawaida. Akiugua, usipokee jike kwa miezi miwili. Na kabla ya kuanza kazi kabisa, mwombe daktari achukue manii yake ayatazame kwenye hadubini. Dume mzuri anatakiwa awe na mbegu zinazokwenda mbele vizuri kwa asilimia 70 au zaidi. Karatasi ya majibu hayo inakupa haki ya kutaja bei kwa sauti.

Sasa bei yenyewe. Kwa wafugaji wa mbwa wa ukoo katika nchi nyingi, desturi ni kwamba ada ya dume hukaribia bei ya mtoto mmoja, au hulipwa kwa mtoto mwenyewe. Kama kwenu mtoto ni laki nne, kipimo chako ndicho hicho: laki nne kwa dume aliyepimwa na ambaye watoto wake wameshaonekana.

Rafiki yako anayetaka watoto wawili hajatazama upande wa pili. Mwenye jike ndiye anayebeba miezi minne ya kazi, tangu mimba mpaka watoto waondoke wakiwa na wiki nane. Jike anayenyonyesha watoto wengi, ifikapo wiki ya tatu na ya nne, anahitaji chakula mara mbili hadi nne ya kile alichokuwa akila zamani, na ugali wa dona na dagaa za kuhesabu hautoshi. Watoto wanapewa dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, kisha nne, sita na nane, kwa sababu minyoo ya mbwa huwapata wakiwa bado tumboni mwa mama. Chanjo ya kwanza inaanza kati ya wiki ya sita na ya nane. Uchungu ukikwama usiku, daktari anaitwa na pengine anapasua. Yote hayo ni mfuko wake. Jike akizaa sita, wawili wakafa, wewe ukachukua wawili, yeye amebaki na wawili wa kulipia kila kitu. Hatarudi kwako, na atawasimulia wengine.

Lakini dume lako, hata akifikisha miezi 24 na vipimo vyote, hajazaa bado. Mzao wa kwanza usitoze ada kamili. Ningekuwa wewe ningedai nusu, laki mbili, au ningechukua mtoto. Kwa mara ya kwanza mimi napendelea mtoto, kwa sababu mnagawana mashaka na mwenye jike: asipopata, na wewe hupati. Pia unapata nafasi ya kumwona mtoto wa dume lako akikua mbele yako, masikio yanasimama lini, ana woga au hana, anatembeaje. Bila kujua hayo huwezi kumshauri mwenye jike wa pili.

Kuhusu nani achague, bwana wa Iringa ameigeuza desturi. Anayelipwa mtoto badala ya fedha kwa kawaida ndiye mwenye chaguo la kwanza, la sivyo atabakiziwa yule mdogo anayesukumwa na wenzake kwenye chuchu. Ila usikaze sana. Mara nyingi mwenye jike anataka kubakiza jike mmoja wa kuendeleza ukoo wake. Kubalianeni hivi: yeye achague kwanza kati ya majike, wewe uchague kwanza kati ya madume. Tarehe ya kuchagua iwe watoto wakiwa na wiki saba, na wewe umchukue wa kwako wiki ya nane, ameshapata dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza kwa gharama ya mwenye jike. Ukichelewa kumchukua, chakula chake kuanzia wiki ya tisa ni chako.

Kama ni fedha, zilipwe zote siku dume anapopanda mara ya kwanza, kwa simu, ili ujumbe wa muamala uwe risiti. Usikubali "nitakulipa watoto wakiuzwa". Ukikubali, umekuwa mbia katika biashara usiyoiendesha: akiwalisha vibaya wakafa, akiwauza kwa bei ya kutupa, hasara inakufuata wewe uliyeko Mafinga. Haki ya mwenye jike hailindwi kwa kuchelewesha malipo. Inalindwa kwa ahadi ya kurudia bure, na hiyo ahadi ndiyo inayofanya ada yako iwe ya haki. Fikiria alichopoteza jike akikosa mimba. Mbwa huja joto kila baada ya miezi sita hadi minane hivi. Amepoteza nusu mwaka. Kumrudishia zamu moja bure ni kitu kidogo mno mbele ya hilo, na mwenye dume anayekataa hafai kushughulika naye.

Wengi wanaokosa mimba wanakosea siku. Watu wamekariri siku ya tisa mpaka ya kumi na nne tangu damu ya kwanza, na kwa majike wengi inakubali, lakini wapo wanaopevusha mapema zaidi na wapo wanaopitiliza siku ya ishirini. Ndiyo maana kumjua jike ni wajibu wa mwenye jike: aanze kuhesabu tangu tone la kwanza, kila asubuhi amfute kwa kitambaa cheupe. Damu ikipauka ikawa kama maji ya nyama, uke ukalainika, na ukimgusa kiunoni anapeleka mkia pembeni na kusimama, muda umefika. Anayetaka uhakika apime projesteroni kwenye damu. Homoni hiyo ni ileile ya binadamu, kwa hiyo daktari wa mifugo anaweza kuipeleka sampuli kwenye maabara inayopima ya watu. Kiwango kikifika kama nanogramu 5 kwa mililita, mayai yanatoka. Na kwa kuwa mayai ya mbwa yanahitaji takriban siku mbili za kukomaa baada ya kutoka, siku nzuri ya kupandisha ni siku mbili baadaye. Kipimo hicho analipia mwenye jike.

Jike ndiye anayesafiri. Dume hujiamini kwake, akipelekwa ugenini atamaliza saa nzima akinusa kuta. Kwa hiyo nauli ya kutoka Iringa ni ya mwenye jike, na chakula chake aje nacho, asibadilishiwe tumbo. Akiingia kwako, usalama wake ni juu yako: akitoroka, akiumwa na mbwa wako mwingine, akapandwa na mbwa koko aliyepenya chini ya mabanzi, wewe ndiye unayejibu. Hilo la mwisho si dogo. Jike anaweza kubeba mimba moja yenye baba wawili, kila mtoto na baba yake. Ndiyo maana pia akirudi Iringa mwenye jike anatakiwa aendelee kumfungia mpaka joto liishe kabisa, kama wiki tatu tangu damu ya kwanza, wakati mwingine zaidi. Wakizaliwa wawili wenye masikio ya mbwa koko wa Kihesa, huko Iringa kwake, usiletewe lawama.

Siku yenyewe, mpe jike muda wa kukojoa na kuzunguka na kamba. Dume asiwe ameshiba. Muwe wawili: mwenye jike ashike kichwa cha jike, kwa kuwa anamwamini, na wewe uwe upande wa dume. Dume akishaingia, sehemu ya shina la uume huvimba ndani na wananasana. Kwa kawaida atashuka, atavusha mguu mmoja wa nyuma, na watasimama matako yakiwa yameelekeana. Watakaa hivyo dakika kumi, ishirini, hata zaidi ya nusu saa. Kazi yako ni kuwashikilia wasivutane wala jike asilale chini au kujiviringisha, maana dume anaweza kuumia vibaya. Watoto wa mtaani wasikaribie na mawe, na mtu asimwage maji. Wataachana wenyewe. Rudieni baada ya saa 48, na tarehe zote mbili ziandikwe.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mbele ya mwenyekiti au baraza la kata utathibitisha nini? Chukueni karatasi mbili, mwandike maneno yaleyale, kila mmoja abaki na moja, na kila upande uwe na shahidi. Yanaweza kuwa hivi:

"Leo tarehe fulani, mimi fulani wa Mafinga, mwenye dume aitwaye fulani, namba yake ya usajili hii, na mimi fulani wa Iringa, mwenye jike aitwaye fulani, namba yake hii, tumekubaliana. Tumeonyeshana kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa na majibu ya Brucella canis ya mbwa wote wawili. Ada ni shilingi kadhaa, imelipwa yote leo. Jike amepandwa tarehe hii na tarehe hii. Jike asipozaa, au akizaa watoto walio hai chini ya wawili, mwenye dume atampandisha jike huyuhuyu bure katika joto linalofuata, mara moja. Mwenye jike atatoa taarifa, pamoja na barua ya daktari wa mifugo, kabla ya siku 70 tangu tarehe ya mwisho ya kupandwa. Baada ya hapo dhamana imekwisha. Dume akifa au akiuzwa kabla ya kurudia, mwenye dume atarudisha nusu ya ada. Watoto watahesabiwa hai ndani ya siku mbili tangu kuzaliwa. Mwenye dume atasaini karatasi za usajili wa watoto bila malipo mengine."

Kama ada ni mtoto, ondoa sentensi ya fedha na ile ya nusu ya ada, na uweke ya kuchagua; kisha ongeza kwamba akizaliwa mmoja tu, atabaki kwa mwenye jike na mtarudia. Siku 70 nimeziweka kwa sababu mimba ya mbwa ni takriban siku 63, ikihesabiwa tangu kupandwa inaweza kufika 68. Mwenye jike mwangalifu hatasubiri hata hapo. Altrasaundi kuanzia siku ya 28 hivi inaonyesha kama kuna mimba, na mnaweza kupanga mapema.

Umeuliza watoto wakifa. Wakishazaliwa hai wakavuka siku mbili hizo, hawako tena kwenye dhamana yako, na usikubali kuburutwa. Mtoto wa mbwa wiki za mwanzo hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Wiki ya kwanza anahitaji mahali penye joto linalokaribia nyuzi 30. Wewe unaijua Mafinga ya Juni na Julai. Jike aliyepandwa Aprili anazaa Juni, na banda la mabanzi lenye nyufa linaua watoto wote usiku mmoja. Hiyo ni kazi ya mwenye jike: boksi lililozibwa, matandiko makavu yanayobadilishwa, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kitambaa. Mwambie mapema asiweke jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, maana gesi yake itamuua jike na watoto pamoja, na mtu akilala humo naye hatoki. Idadi ya watoto pia usibebeshwe. Inategemea zaidi mayai aliyotoa jike, umri wake, na kama siku zilikuwa sahihi.

Kuhusu karatasi ulizonitajia, zina uzito kuliko unavyodhani. Aina hii yenyewe ilianza na daftari: mwaka 1899 Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha mbwa hawa Ujerumani, mbwa wa kwanza kuandikwa alikuwa Horand von Grafrath, na tangu hapo mbwa wa ukoo ni yule ambaye wazazi wake wanaweza kufuatwa kwa maandishi. Masikio yaliyosimama na mgongo mweusi havitoshi. Kwa hiyo mpe mwenye jike nakala ya ukoo wa dume lako, na siku ya kusaini usajili saini. Kuna watu wanaoshikilia saini ili waongezewe fedha baada ya kuona watoto ni wazuri. Huo ni unyang'anyi.

Na kuna wajibu mmoja usio wa mwenye jike wala wa mkataba, ni wako kwa mbwa wenyewe. Huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Mbeya, mbwa wenye karatasi ni wachache na wengi wametoka kwenye mabanda yaleyale machache. Ukipokea kila jike atakayekuja, baada ya miaka mitatu watoto wa dume lako watakuwa wanapandishwa wao kwa wao Njombe na Uyole bila mtu kujua, na zile kasoro za nyonga zilizojificha zitajitokeza. Weka daftari la kila jike, jina la mwenye jike, tarehe na idadi ya watoto. Wapokee wachache. Ukiona babu mmoja anajirudia kwenye karatasi zote mbili, kataa, hata kama nauli imeshaliwa.

Yule wa Makambako mrudishie simu leo umwambie hapana. Anamtaka mbwa wiki hii, hajapimwa chochote, na wewe hujapima chochote. Kwa laki na nusu unaweza kupokea ugonjwa utakaolifunga dume lako maisha yote. Watoto watakaozaliwa hawataandikishika popote, na bado watauzwa kwa jina la dume lako. Bwana wa Iringa ni mtu wa kuzungumza naye. Joto la sasa la jike wake liache lipite. Linalofuata litakuja baada ya miezi sita hadi minane, dume lako akiwa amekaribia miezi 24. Likimkuta hajafikisha au picha ya nyonga haijapigwa, msubiri jingine. Mwombe akutumie picha ya karatasi za jike, ulinganishe majina ya mababu na mabibi na ya dume lako, kisha mpangiane nani anampeleka mbwa gani kupima damu na lini.